Utaingizaje kioo cha mita 6 kwa Probox?

Kama umewahi kulala Mbita usiku wa giza, tayari unajua ninachotaka kusema. Unashuka hadi ufuoni saa nne usiku, unatazama majini, na unaona mji mzima. Taa kwa taa, mstari kwa mstari, kuelekea Rusinga, Mfangano na huko mbele kabisa. Mgeni atakuuliza ule ni mji gani. Si mji, buda. Ni wavuvi wa omena wako kazini. Taa inavuta wadudu na omena, omena wanajaa chini ya mwanga, wavu unazungushwa, na asubuhi wewe unapata mboga.

Kitu ambacho watu wengi wa mjini hawajui ni kwamba mwezi ukiwa mpevu, wengi wa hao jamaa hukaa nyumbani. Mwezi unashindana na taa zao, omena wanatawanyika, mafuta ya injini yanaenda bure. Kalenda yao inafuata giza.

Kuna kundi lingine linaloishi kwa kalenda hiyo hiyo: watu ambao kazi yao ni kutazama nyota. Wao pia mwezi ukijaa wananuna.

Mjomba wangu amevua omena tangu enzi za karabai, kabla taa za sola hazijafika. Desemba iliyopita nilikuwa kwake, nikamwonyesha kwa simu picha za darubini ya James Webb, zile za mawingu ya vumbi ambamo nyota zinazaliwa. Akazitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali moja tu: "Nyathina, kama kubwa ndiyo inaona mbali, kwa nini hawakutengeneza kubwa zaidi?"

Nilifungua mdomo, hakuna kitu kilitoka. Fizikia yangu niliiachia mahali karo ilikatikia, mwaka wa pili chuoni. Nimekaa na hilo swali tangu siku hiyo, na leo nakuletea jibu, kwa sababu limenipitisha mahali sikutarajia: kwa mashimo ya dhahabu ya Migori, kwa tenti za matanga, hadi Malindi.

Kwanza tukubaliane kwa nini ukubwa una maana. Mvua ikinyesha Homa Bay, weka bakuli nje na uweke karai kando yake. Karai litajaa maji mengi zaidi, si kwa sababu lina akili, ni kwa sababu ni pana. Mwanga wa nyota ya mbali ni kama mvua ya rasharasha. Kioo kikubwa kinakinga mwingi. Lakini kuna faida ya pili. Chukua mtumbwi wenye taa mbili, moja mbele na nyingine nyuma yake mita 1 hivi. Ukiwa karibu unaziona mbili. Mtumbwi ukienda zaidi ya kilomita 3, jicho lako linaziona moja. Ukiwa na darubini ya Hubble, ambayo kioo chake kina upana wa mita 2.4, ungeendelea kuziona mbili hata zikiwa umbali wa kilomita 4,000, yaani mbali kuliko Cairo. Kadiri kioo kinavyopanuka, ndivyo kinavyotenganisha vitu vilivyobanana. Na huko juu kila kitu kimebanana, kwa sababu kila kitu kiko mbali.

Sasa utauliza, si wajenge tu huku chini? Wamejenga. Lakini hewa inatetemesha mwanga, ndiyo maana nyota inameta. Pia hewa inameza sehemu kubwa ya miale ya joto, ile inayoitwa infraredi, na hiyo ndiyo miale inayobeba habari za vitu vya kale zaidi. Na wewe wa Nyanza huhitaji kuelezwa kuhusu mawingu. Ziwa letu lina radi za usiku zinazojulikana duniani kote.

Kwa hivyo kioo lazima kiende juu. Na hapo ndipo Probox inaingia.

Si unajua Probox za Migori na Homa Bay. Magunia, mbuzi, abiria tisa, godoro juu, na dereva bado anasimama stejini kuuliza kama kuna mwingine. Lakini hata Probox ina mwisho wake. Huwezi kuingiza meza ya mita 2 bila kuivunja miguu. Roketi ni vivyo hivyo, tofauti ni kwamba kondakta wake hawezi kusukuma mlango kwa goti. Ariane 5, iliyobeba James Webb, ilikuwa na upana wa mita 5.4 sehemu ya mzigo. Kioo cha Webb ni mita 6.5. Hesabu haikubali.

Halafu kuna uzito. Darubini ya Palomar kule California, iliyozinduliwa 1948, ina kioo cha mita 5 chenye uzito wa tani 14 hivi. Kioo pekee! James Webb, kioo kikubwa zaidi pamoja na injini, sola, kamera na kila kitu, ni tani 6.2. Soma hiyo tena polepole. Kuna watu walikaa chini wakapunguza na kupunguza na kupunguza mpaka darubini nzima ikawa chini ya nusu ya kioo cha babu yake.

Walipunguzaje? Hubble, iliyorushwa Aprili 1990, kioo chake kilitengenezwa kama sega la nyuki: uso mwembamba wa glasi juu, mwingine chini, katikati vyumba vitupu. Bado kilifika kilo 828 hivi. Ukigawanya kwa eneo lake ni karibu kilo 184 kwa kila mita moja ya mraba. Webb waliachana kabisa na glasi. Walitumia beriliamu, chuma chepesi sana lakini kigumu, wakakikata vipande 18 vya pembe sita, kisha wakachonga mgongo wa kila kipande mpaka kubaki mbavu tu. Kipande kimoja, upana wa mita 1.3, kina kilo 20. Hiyo ni debe la maji. Kwa mita moja ya mraba ni kama kilo 13 au 14.

Lakini wepesi una bei yake. Kitu chembamba kinapinda. Ukikisugua hapa duniani, uzito wake wenyewe unakivuta chini. Ukikipeleka juu uzito unatoweka, kinabadilika umbo. Halafu kule Webb iko ni baridi ya nyuzi 233 chini ya sufuri, na chuma kwenye baridi kinajikunja. Unajua walifanya nini? Walikisugua kikiwa na makosa makusudi. Walikipima kwenye baridi kali, wakaandika kila mahali kinapopinda, wakarudi kukisugua kwenye joto la kawaida kikiwa kimekosewa kwa kiasi kile kile, ili kikifika kwenye baridi kijirekebishe. Manze, mimi nikikosea kitu huwa sina mpango kama huo.

Na usawa wenyewe ni wa kutisha. Tuseme unakuza kioo cha Webb mpaka kitoke Homa Bay mjini hadi Migori mjini, kilomita 60 hivi kama ndege arukavyo. Kwa ukubwa huo wote, mabonde na vilima vyake vingekuwa kama robo ya milimita. Wewe uliyepita barabara ile kwa bodaboda, mgongo wako unajua tofauti.

Tuje kwa dhahabu. Beriliamu peke yake hairudishi infraredi vizuri kama dhahabu, kwa hivyo kila kipande kilipakwa dhahabu. Kiasi gani? Gramu 48 kwa kioo chote. Mtu wa Nyatike akisikia hivyo anacheka, kwa sababu ni kiasi anachoweza kukifikiria kikiwa kiganjani. Eneo la mita 25 za mraba, kubwa kuliko vyumba vingi tunavyolipia kodi Nairobi, limefunikwa kwa dhahabu nyembamba kuliko unywele karibu mara 1,000.

Migori imechimba dhahabu tangu enzi za wakoloni, Macalder ikiwa jina linalojulikana zaidi. Leo wengi wa wachimbaji ni vijana na akina mama wa hapo hapo, na binamu yangu mmoja ni kati yao. Nimemtembelea mara mbili. Mawe yanasagwa kuwa unga, unga unachanganywa na maji na zebaki, zebaki inakamata vipande vya dhahabu, kisha donge linachomwa. Zebaki inapaa kuwa mvuke, dhahabu inabaki. Huo mvuke ukiuvuta unaharibu neva na figo, na kwa mama mjamzito unamfikia mtoto tumboni. Inayomwagika inaweza kufika mitoni, na mito ya huko inaenda ziwani, na ziwani kuna samaki. Binamu yangu huchanganya kwa mikono mitupu. Nikimwambia glavu ananiuliza kama nimekuja nazo.

Ninakutajia zebaki kwa sababu, amini usiamini, nayo ni kioo cha darubini. Chukua sufuria ya uji, koroga kwa mwiko mpaka uzunguke vizuri, toa mwiko. Katikati panabonyea, kingo zinapanda. Umbo hilo ndilo hasa darubini inalotaka. Sasa badala ya uji weka zebaki, ambayo inang'aa kama kioo, kwenye sinia kubwa linalozunguka polepole. Umepata kioo cha darubini bila kusugua chochote. Kule Devasthal, India, ipo moja ya mita 4, ilianza kuona nyota 2022, na sinia lake linazunguka mara moja kwa kila sekunde 8. Shida yake ni kwamba inatazama juu tu. Ukiinamisha, kioo kinamwagika.

Angani huwezi kukoroga uji namna hiyo, kwa sababu hakuna uzito wa kuuvuta chini. Lakini umewahi kuona tone la maji likining'inia kwenye bomba? Maji yana ngozi yake inayojivuta yenyewe. NASA, wakishirikiana na Technion ya Israeli, wana mpango unaoitwa FLUTE: rusha fremu iliyokunjwa na tangi la kimiminika, ukifika ufungue fremu, mimina, na ile ngozi ya kimiminika itajinyoosha yenyewe kuwa kioo laini kuliko chochote kilichosuguliwa. Ndoto yao ni kioo cha mita 50. Nusu ya uwanja wa mpira. Si zebaki wanayofikiria, ni vimiminika vingine visivyokauka haraka, na Aprili 2022 jaribio dogo la aina hiyo lilifanyika ndani ya kituo cha kimataifa cha anga. Ni mpango tu, usiniulize bado tarehe.

Wajerumani nao wana njia yao. Mwaka 2023 taasisi ya Max Planck ilitangaza kwamba imekuza utando wa plastiki juu ya kimiminika kinachozunguka, ndani ya chombo kisicho na hewa. Utando unachukua lile umbo la uji, unabandikwa rangi ya kung'aa, kisha unaubandua. Unaweza kuukunja kama karatasi ya chapati na ukifunguliwa unarudi karibu na umbo lake. Kilichobaki kinarekebishwa kwa mwanga wa joto. Walifika sentimita 30 tu, upana wa sahani kubwa. Lakini unaona wanakoelekea: kioo cha kukunja.

Wazo la kupuliza nalo limejaribiwa. Mei 1996 wanaanga wa Endeavour walifungua antena ya kujazwa hewa yenye upana wa mita 14. Ilijifungua kwa fujo, si vile michoro ilivyosema, ingawa mwishowe ilisimama. Kwa antena ya redio, fujo kidogo inasameheka. Kwa kioo cha mwanga, kosa la sehemu ndogo ya unywele linakumaliza. Waulize wa Hubble: kingo za kioo chake zilisuguliwa kupita kiasi kwa mikroni 2.2, picha zikatoka na ukungu, mpaka wanaanga wakapanda kuirekebisha Desemba 1993.

Webb haiwezi kufuatwa na fundi. Iko kilomita milioni 1.5 kutoka hapa. Kwa hivyo ilibidi ijifungue yenyewe, na hapa ndipo ninapowaheshimu vijana wa tenti.

Kila Ijumaa jioni kwetu unawaona. Pikapu moja, vyuma, turubai limekunjwa, kamba. Kufikia Jumamosi alfajiri uwanja wa matanga una tenti za watu 500. Turubai ndilo kazi kubwa: likikunjwa vibaya linachanika, kamba ikinasa unaanza upya. Webb ina turubai la tabaka 5, kubwa kama uwanja wa tenisi, kila tabaka jembamba kama unywele, la kuzuia joto la jua lisifikie kioo. Lilikunjwa likafungwa kwa vifungo 107, na kila kimoja lazima kiachie. Darubini nzima ilikuwa na mahali 344 ambapo kitu kimoja kikigoma, dola bilioni 10 zimekwenda. Hakuna kijana wa kupanda mti kunasua kamba.

Ilirushwa siku ya Krismasi 2021 kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa. Hapa kwetu ilikuwa saa tisa na dakika ishirini alasiri. Mimi nilikuwa nakula kuku. Roketi ikavuka Atlantiki, ikapita juu ya Afrika kuelekea mashariki, na mmoja wa vituo vilivyokuwa vikiisikiliza safari hiyo kiko Malindi, Kenya. Saa kumi kasoro dakika kumi na tatu, darubini ikaachana na roketi. Ile picha ya mwisho ya Webb ikienda zake, nyuma yake dunia ya buluu, inaonyesha pembe yetu hii ya Afrika.

Na Malindi si mgeni wa mambo haya. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Ngomeni, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kutafuta miale ya eksirei angani. Kwa kuwa ilikuwa Jamhuri Dei, Marjorie Townsend wa NASA aliyeisimamia aliipa jina Uhuru. Neno letu. Ilikuwa na kilo 140 hivi tu, haikuwa na kioo, na bado iliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo na kusaidia kutambua Cygnus X-1, kitu cha kwanza kuaminiwa kuwa shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza wanasayansi wake, alipata Nobel 2002.

Kwa nini Kenya? Kwa sababu ya ikweta. Dunia inazunguka kwa kasi zaidi hapo, roketi inapata msukumo wa bure. Homa Bay iko nusu digrii tu kusini ya ikweta, Migori digrii moja. Tulichotoa ni mahali. Roketi ilikuwa ya Wamarekani, jukwaa la Waitaliano, na kwa miaka mingi Kenya ililalamika kwamba inapata kidogo mno, mpaka mkataba mpya ukasainiwa 2016. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilianzishwa 2017. Setilaiti Taifa-1 ilirushwa Aprili 2023, kutoka California.

Mimi hiyo hunikera, na sitajifanya. Dhahabu tunayo, giza tunalo, ikweta tunayo, hata jina tulitoa. Binamu yangu anajua vile zebaki inavyotembea kwenye sinia kuliko wahandisi wengi, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hicho ni kioo. Wale vijana wa tenti wanajua kukunja turubai kwa namna ambayo watu hulipwa pesa nyingi kuichora kwa kompyuta. NASA inapanga darubini nyingine, Habitable Worlds Observatory, kioo cha angalau mita 6, ya kutafuta dunia nyingine zenye uhai, na inazungumziwa miaka ya 2040. Aliye sekondari leo pale Rongo atakuwa na miaka thelathini na kitu. Umri mzuri kabisa wa uhandisi.

Wiki iliyopita nilimpigia mjomba kumpa jibu lake. Nikamwambia hawakutengeneza kubwa zaidi kwa sababu gari halingebeba, na sasa wanatafuta kioo cha kukunja, au cha kumimina. Akanyamaza. Akauliza zile taa zao za ziwani kama haziwasumbui watu wa Webb. Nikamwambia hapana, iko mbali na inatazama upande mwingine. Akasema basi ni sawa, kwa sababu giza linaanza Alhamisi, na taa mbili bado hazijachajiwa.